Ni Nani Aliyetugawa? Historia ya Kufarakana kwa Makanisa na Wajibu wa Mchungaji

Utangulizi

Tulipokuwa tukihudumu katika usharika mmoja wa kijijini, kabla ya kuitwa kufundisha, alikuwako mama mmoja ambaye kila Jumapili ya Chakula cha Bwana alibaki kwenye benchi lake wakati wengine wakienda madhabahuni. Alikuwa ameolewa katika ukoo wa Walutheri, lakini alizaliwa, akabatizwa na kupata Kipaimara katika kanisa jingine la Kiprotestanti. Hakuna aliyemkataza kuja mezani, wala hakuna aliyemwita. Siku moja alituuliza swali ambalo chuoni hatukuwahi kulisikia likiulizwa hivyo: "Baba Mchungaji, huyo aliyetugawa alikuwa nani?" Tulimjibu kwa maneno mengi kuhusu Martin Luther na Papa. Alisikiliza kwa heshima, akashukuru, na Jumapili iliyofuata alibaki tena kwenye benchi lake.

Makala hii ni jaribio la kulijibu swali lile upya. Kati yetu husikika majibu mawili. La kwanza husema kwamba madhehebu yalitokea kwa sababu wengine waliiacha kweli, nasi tukabaki nayo. La pili husema kwamba yote yalitokana na tamaa ya vyeo na mali, na kwamba mafundisho yalikuwa kisingizio tu. Kila jibu lina punje ya kweli, lakini historia hailikubali lolote kati yake kuwa jibu kamili.

Hoja yetu ni hii. Tofauti ya mafundisho, hata iwe nzito, kwa kawaida haitoshi peke yake kuzaa dhehebu. Wakristo wamewahi kutofautiana sana na bado wakaumega mkate mmoja. Tofauti hugeuka kuwa dhehebu pale yanapoungana nayo mambo mengine matatu: lugha inayozuia watu kuelewana, mamlaka inayofaidika na utengano, na kukatwa kwa ushirika katika Meza ya Bwana. Baada ya hapo vizazi vinavyofuata havichagui tena, bali vinarithi. Tutaipima hoja hii kwa mifano michache ya historia ya Kanisa, kisha tutaileta mpaka kwetu Afrika Mashariki.

1. Mzozo mmoja, matokeo mawili

Wako wanaodhani kwamba Kanisa la kwanza halikuwa na mabishano. Agano Jipya halisemi hivyo. Wakorintho walijigawa kwa majina ya Paulo, Apolo na Kefa (1 Kor. 1:12). Huko Antiokia Paulo alimpinga Petro mbele ya watu (Gal. 2:11-14), na tuangalie vema kwamba kiini cha ugomvi ule kilikuwa meza: je, Myahudi aliyeamini aweza kula pamoja na mtu wa Mataifa?

Katika karne ya pili ulizuka mzozo kuhusu siku ya Pasaka. Makanisa ya Asia Ndogo yaliiadhimisha siku ya kumi na nne ya mwezi wa Nisani, iwe siku yoyote ya juma. Roma iliiadhimisha siku ya Jumapili. Karibu na mwaka 155 Polikarpo, askofu mzee wa Smirna, alisafiri mpaka Roma kuonana na askofu Aniketo. Walijadiliana, na hakuna aliyemshawishi mwenzake. Mwanahistoria Eusebio ametuhifadhia barua ya Ireneo inayoeleza yaliyofuata. Aniketo alimpa Polikarpo heshima ya kuongoza Ekaristi katika kanisa lake, nao wakaagana kwa amani.

Mnamo mwaka 190 mzozo ule ulirudi. Safari hii Viktori, askofu wa Roma, alitaka kuyatenga makanisa ya Asia na ushirika. Ireneo, ambaye yeye mwenyewe aliifuata desturi ya Jumapili, alimwandikia kumkemea, akimkumbusha jinsi waliomtangulia walivyotenda. Fundisho lililobishaniwa lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni namna mamlaka ilivyotumika na namna meza ilivyotazamwa. Kwa Aniketo meza ilikuwa mahali pa kumshika ndugu mliyetofautiana naye, na kwa Viktori ilikuwa fimbo ya kumwadhibu. Tofauti hii tutaiona tena na tena.

2. Kalkedoni, mwaka 451: lugha na dola

Mtaguso wa Kalkedoni, ulioitishwa na Kaisari Marsiano mwaka 451, ulikiri kwamba Kristo ni nafsi moja katika asili mbili, Mungu kweli na mwanadamu kweli. Sisi Walutheri tunalishika fundisho hili. Hata hivyo Wakristo wengi wa Misri na Shamu hawakulipokea, na mpaka leo makanisa ya Kikopti, Kisiria, Kiarmenia na Kiethiopia hayautambui mtaguso ule.

Je, watu wale walikana kwamba Kristo ni mwanadamu kweli? Hapana. Shida kubwa ilikuwa neno. Waaleksandria walikuwa wamefundishwa na Kirilo, aliyefariki mwaka 444, kusema juu ya asili moja ya Neno aliyefanyika mwili. Kwao neno la Kiyunani tunalolifasiri "asili" lilikaribia kuwa na maana ya mtu mzima aliye hai. Kwa hiyo waliposikia "asili mbili" walisikia "Kristo wawili". Wale wa upande wa pili, waliposikia "asili moja", walisikia kwamba ubinadamu wa Bwana umemezwa na uungu wake. Kila upande uliikataa imani ambayo upande wa pili haukuwa nayo. Yeyote aliyewahi kufasiri mahubiri kutoka Kiswahili kwenda lugha ya kabila anajua jinsi neno moja linavyoweza kubeba mzigo ambao msemaji hakuukusudia.

Mabishano ya maneno yangeweza kuendelea kujadiliwa, lakini dola iliingia. Dioskoro, askofu wa Aleksandria, aliondolewa akapelekwa uhamishoni, na Proterio akawekwa mahali pake kwa ulinzi wa askari. Mwaka 457, baada ya Kaisari kufa, umati wa watu ulimwua Proterio. Tangu hapo kuukubali mtaguso kulionekana kuwa ni kuwa upande wa Kaisari, na waliobaki upande huo waliitwa kwa neno la Kisiria lenye maana ya "watu wa mfalme". Katika karne ya saba Waarabu waliitwaa Misri, na mpaka wa dola mpya ukawatenganisha kabisa waliokuwa hawaelewani.

Wengine walirithi msimamo huo pasipo kuwa na sehemu katika ugomvi wenyewe. Waarmenia mwaka huohuo wa 451 walikuwa vitani kuitetea imani yao dhidi ya Waajemi. Kanisa la Ethiopia lilikuwa likiletewa askofu wake kutoka Aleksandria tangu siku za Athanasio, aliyemweka Frumensio wakfu katika karne ya nne, na halikupata Patriarki wake mwenyewe mpaka mwaka 1959. Aleksandria ilipokwenda njia yake, Ethiopia ilikwenda nayo. Mkristo wa kawaida wa Aksumu hakuulizwa kuhusu asili moja wala mbili.

Mwezi Mei mwaka 1973 Papa Paulo VI na Papa Shenuda III wa Wakopti walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu Kristo, wakimkiri kuwa Mungu mkamilifu na mwanadamu mkamilifu. Ilikuwa imepita miaka 1,522 tangu Kalkedoni.

3. Mwaka 1054: mamlaka bila kusikilizana

Farakano la Mashariki na Magharibi huwekewa tarehe 16 Julai 1054. Siku hiyo Kadinali Humbert aliweka hati ya kumtenga Patriarki Mikaeli Kerulario juu ya altare ya kanisa la Hagia Sofia. Papa Leo IX aliyemtuma alikuwa amekwisha kufariki mwezi Aprili. Hati ile iliwashtaki Wayunani, pamoja na mengine, kwamba wameyafuta maneno "na Mwana" katika Imani ya Nikea, mahali inaposemwa habari za kutoka kwa Roho Mtakatifu. Ukweli ni kinyume chake. Maneno hayo yaliongezwa Magharibi, na Roma yenyewe haikuyaingiza katika ibada mpaka mwanzoni mwa karne ya kumi na moja.

Mshtaki hakuijua historia ya jambo aliloshtaki. Kwa karne nyingi Magharibi ilikuwa imesoma na kusali kwa Kilatini na Mashariki kwa Kiyunani, na wachache tu waliweza kusoma vitabu vya pande zote mbili. Juu ya hayo palikuwapo swali la mamlaka: je, askofu wa Roma ni wa kwanza kwa heshima tu, au ana amri juu ya makanisa yote?

Pamoja na hayo, watu wengi wa mwaka 1054 hawakujua kwamba Kanisa limegawanyika, kwa maana hati ile ilimlenga Patriarki na wafuasi wake tu. Kilichoukaza utengano ni upanga. Mwaka 1204 wanajeshi wa vita vya msalaba kutoka Magharibi waliiteka Konstantinopoli, wakapora makanisa yake na kumweka patriarki Mlatini. Baada ya hapo Myunani wa kawaida hakuhitaji hoja ya kitheolojia ili kumkataa Mlatini, kwa sababu alikuwa na kumbukumbu. Tarehe 7 Desemba 1965 Papa Paulo VI na Patriarki Athenagora waliziondoa laana za mwaka 1054, lakini meza bado haijawa moja.

4. Kutoka Wittenberg mpaka Marburg

Sasa tunakuja nyumbani kwetu, na hapa imetupasa kusema kweli bila kujipendelea. Luther alipotoa hoja zake 95 tarehe 31 Oktoba 1517 hakukusudia kuanzisha kanisa. Aliona kwamba biashara ya vyeti vya msamaha inawanyima watu faraja ya Injili, akaita watu wajadili. Roma ilimjibu kwa kumtaka akane, na mwezi Januari 1521 ikamtenga na ushirika. Tunaamini kwamba jambo lililobishaniwa, yaani mwenye dhambi kuhesabiwa haki kwa neema kwa njia ya imani, lilikuwa kiini cha Injili. Si kila ugomvi wa historia ni ugomvi wa maneno.

Lakini baada ya miaka minane tu Matengenezo yenyewe yalipasuka. Wakuu wa Kijerumani walioyaunga mkono, ambao mwezi Aprili 1529 huko Speyer walitoa ile protesti iliyotupa jina la Waprotestanti, walikuwa hatarini. Philip wa Hesse alitaka muungano wa kujilinda, naye alijua kwamba hautawezekana iwapo wanatheolojia wanagombana kuhusu Chakula cha Bwana. Aliwaalika katika ngome yake ya Marburg, tarehe 1 hadi 4 Oktoba 1529. Kutoka Wittenberg walikuja Luther na Melanchthon. Zwingli alitoka Zürich, Oecolampadius alitoka Basel, na Bucer alitoka Strasbourg.

Kabla ya mazungumzo Luther aliandika kwa chaki juu ya meza, kwa Kilatini, maneno ya Bwana juu ya mkate, kisha akayafunika kwa kitambaa. Zwingli alifundisha kwamba neno "ni" katika maneno yale lina maana ya "huashiria", kwa kuwa mwili wa Kristo uko mkono wa kuume wa Baba, na tena katika Yohana 6 Bwana husema kwamba mwili haufai kitu. Luther alikataa. Alipodaiwa ushahidi wa Maandiko alifunua kitambaa na kuonyesha yale aliyoyaandika. Hofu yake ilikuwa ya kichungaji. Ikiwa Bwana hayupo kweli katika mkate na divai, basi mwenye dhambi anaachiwa kutegemea nguvu ya imani yake mwenyewe, na imani hutetereka. Zwingli naye alikuwa na hofu ya kichungaji, kwamba watu watarudi kuabudu vitu vilivyoumbwa. Tukiwasoma kwa haki, tunaona wanaume wawili waliokuwa wakiwalinda washiriki wao.

Mwishoni makala 15 ziliandikwa. Walikubaliana katika 14 zote na katika sehemu kubwa ya ile ya 15. Jambo moja tu lilibaki, nalo ni kama mwili na damu ya Kristo vipo kweli katika mkate na divai. Wageni wa kusini waliomba watambuliwe kuwa ndugu, na inasimuliwa kwamba Zwingli aliomba kwa machozi. Luther hakukubali. Alimwambia Bucer kwamba roho yao na roho ya wao wa Wittenberg si moja. Waliahidiana upendo wa Kikristo kadiri dhamiri ya kila mmoja itakavyoruhusu, wakaondoka. Zwingli aliuawa vitani Kappel tarehe 11 Oktoba 1531, na hao wawili hawakuonana tena.

Je, Luther alikosea? Katika fundisho tunasimama pamoja naye. Swali letu ni jingine: je, tofauti ile ilipaswa kuzaa makanisa mawili? Miaka saba baadaye, mwaka 1536, Bucer na miji ya kusini mwa Ujerumani walikuja Wittenberg, wakajadiliana tena kwa subira, na mapatano yakapatikana. Waswisi hawakuyapokea, lakini mapatano yale yaonyesha kwamba palipokuwa na mazungumzo ya kuendelea, njia ilionekana.

Kilichofunga mlango ni dola. Amani ya Augsburg ya mwaka 1555 iliweka kanuni kwamba mtawala wa nchi ndiye anayeamua dini ya nchi, na asiyekubali ana ruhusa ya kuhama. Kanuni hiyo iliwatambua Wakatoliki na wafuasi wa Ungamo la Augsburg peke yao. Wareformed walingoja mpaka amani ya Westfalia ya mwaka 1648. Waanabaptisti hawakutambuliwa na yeyote. Tangu mwaka 1527, Felix Manz alipozamishwa mtoni huko Zürich, waliuawa na Wakatoliki na Waprotestanti pia, Walutheri wakiwamo. Ni mwaka 2010, huko Stuttgart, ambapo Fungamano la Kilutheri la Dunia liliomba msamaha kwa Wamennoni kwa ajili ya mateso yale. Katika nchi za Ujerumani dhehebu la mtu likawa jambo la mipaka: ukivuka mto, unavuka imani.

5. Umoja wa amri na meza iliyogawanywa

Huenda mtu akasema kwamba ikiwa dola iligawa, basi dola na iunganishe. Jambo hilo lilijaribiwa. Mwaka 1817, katika kuadhimisha miaka 300 ya Matengenezo, mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia, ambaye alikuwa Mreformed huku raia wake wengi wakiwa Walutheri, aliyaunganisha makanisa hayo mawili. Baadaye aliwalazimisha watu kutumia kitabu kimoja cha ibada. Walutheri waliokataa walifungwa, na mwaka 1834 askari walitumwa kulifungua kwa nguvu kanisa la kijiji cha Hönigern huko Silesia. Tangu mwaka 1838 maelfu walihama kwenda Australia na Marekani, nao wakaanzisha makanisa mapya huko. Amri ya umoja ikazaa madhehebu mengine.

Mfano wa pili unatoka Afrika Kusini. Mwaka 1857 sinodi ya Kanisa la Kireformed la Kiholanzi huko Rasi ilikiri kwamba Maandiko yanataka Wakristo wa rangi zote washiriki pamoja, lakini kwa ajili ya udhaifu wa baadhi ya watu ikaruhusu ibada za kutengana. Mwaka 1881 likaundwa kanisa la pekee kwa watu wa rangi. Hapo hapakuwa na fundisho lililobishaniwa. Meza ilikatwa kwanza, kanisa la pili likafuata, na theolojia ya kuhalalisha ubaguzi ikaja nyuma yao.

6. Madhehebu yalivyofika kwetu

Walipokuja wamisionari, walikuja na mipaka hiyo mizigoni. Tuangalie Kilimanjaro. Waanglikana wa CMS walikuwa na kituo Moshi tangu mwaka 1885. Mwezi Juni 1892 Mangi Meli aliwashinda askari wa Kijerumani waliokuja kumpiga, na wamisionari Waingereza wakatuhumiwa na Wajerumani kwamba walikuwa upande wa Wachaga. Mwaka huohuo waliondoka. Mwaka 1893 walikuja Walutheri wa Misioni ya Leipzig. Basi Mkristo wa Old Moshi ambaye leo ni Mlutheri angeweza kuwa Mwanglikana kama si vita ile na hofu ya serikali ya kikoloni. Babu yake hakuyapima Maungamo yetu na Makala 39 za Waanglikana akachagua. Injili ilimfikia kwa mkono uliokuwapo.

Kusini, mwaka 1891, Misioni ya Berlin na Wamoraviani walifika karibu wakati mmoja kaskazini ya Ziwa Nyasa. Kwa hekima walipatana: Wamoraviani washike upande wa magharibi, Berlin upande wa mashariki. Mapatano hayo yaliepusha ugomvi, nasi tunawashukuru. Hata hivyo mstari uliochorwa ili wamisionari wasigombane ukawa, kwa wajukuu, mpaka wa makanisa mawili kati ya watu wa lugha moja na koo moja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipoondolewa, Wapresbiteri wa Skoti kutoka Livingstonia waliwatunza Wakristo wa eneo lile kwa miaka kadhaa. Watu walibatizwa na kulishwa mezani na wachungaji wa dhehebu la tatu, na Kristo waliyempokea alikuwa yuleyule.

Mwezi Juni 1913 wamisionari wa Kianglikana, Kipresbiteri, Kimethodisti na wa Africa Inland Mission walikutana Kikuyu, Kenya, kutafuta shirikisho. Mwisho wa mkutano Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu katika kanisa la Waskoti, na wengi wasio Waanglikana walishiriki. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alimshtaki yeye pamoja na Askofu Willis wa Uganda kwa uzushi mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Tusimdhihaki Weston. Aliamini kwamba askofu hana haki ya kutoa peke yake kile ambacho ni cha Kanisa zima. Mwaka 1915 Askofu Mkuu Davidson hakuwahukumu maaskofu wale, lakini hakuruhusu ibada ya namna ile iwe desturi. Uamuzi kuhusu meza ya Wakristo wa Afrika Mashariki ulitolewa Uingereza. Mazungumzo ya miaka ya 1960 kati ya Waanglikana, Walutheri, Wamethodisti, Wamoraviani na Wapresbiteri wa Afrika Mashariki nayo hayakufikia muungano.

Lakini liko jambo la kututia moyo. Leipzig ilikuwa misioni ya Walutheri wenye msimamo mkali wa maungamo. Misioni ya Berlin na ile ya Betheli iliyohudumu Usambara na Bukoba zilitoka katika kanisa lililounganishwa na mfalme wa Prussia, jambo ambalo Walutheri wa Leipzig walilitazama kwa mashaka makubwa. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba, yakiwamo yale yaliyozaliwa na misioni hizo, yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Ugomvi uliowatoa watu katika nchi yao Ujerumani haukuwazuia wajukuu wa Kichaga, Kisambaa, Kihaya na Kibena kuwa kanisa moja.

Hitimisho

Kutokana na haya, je, tuseme kwamba migawanyiko yote ni kosa la lugha na siasa, na kwamba mafundisho si kitu? La hasha. Mwaka 1977, katika mkutano wake mkuu uliofanyika Dar es Salaam, Fungamano la Kilutheri la Dunia lilitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni jambo la ungamo la imani. Mwaka 1984 huko Budapest lilisimamisha uanachama wa makanisa mawili ya wazungu yaliyoshindwa kufanya hivyo. Liko jambo ambalo Kanisa haliwezi kulinyamazia. Ungamo letu la Augsburg, katika makala ya 7, latupa kipimo: kwa umoja wa kweli wa Kanisa yatosha kukubaliana katika mafundisho ya Injili na utumishi wa sakramenti, wala si lazima taratibu za wanadamu zifanane kila mahali. Kipimo hiki kina makali pande zote mbili. Kinatuzuia kuungana kwa kuiuza Injili, na kinatuzuia kutengana kwa ajili ya jambo lisilo Injili.

Kwa kipimo hicho baadhi ya kuta zimeanza kushuka. Mapatano ya Leuenberg ya tarehe 16 Machi 1973 yalirudisha ushirika wa mimbari na meza kati ya Walutheri na Wareformed wa Ulaya waliyoyakubali, miaka 444 baada ya Marburg. Tarehe 31 Oktoba 1999 huko Augsburg Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki. Wamethodisti waliliunga mkono mwaka 2006 na Wareformed mwaka 2017. Katika kila tukio njia ilikuwa moja: watu walikaa pamoja muda mrefu, wakaulizana maana ya maneno yao.

Nasi wachungaji na wanafunzi wa theolojia tunapaswa kufanya nini? Kwanza, tuwafundishe wanafunzi wa Kipaimara historia hii kwa ukweli, ili wasijivunie jina la dhehebu kana kwamba walilichagua. Pili, yanapotokea kati yetu mabishano ya mipaka, ya uongozi au ya mali, nayo hutokea, tujiulize mapema: je, hapa Injili ndiyo inayobishaniwa? Je, tumemsikia mwenzetu kwa maana yake mwenyewe? Ni nani atakayefaidika tukitengana? Tatu, tusiifanye Meza ya Bwana kuwa fimbo.

Yule mama aliuliza ni nani aliyetugawa. Kama tungeulizwa leo, tungemwambia kwamba hakuwa mtu mmoja. Walikuwapo watu waliopigania kweli, na watu waliokataa kusikiliza, na wafalme, na askari, na wamisionari waliochora mstari kwenye ramani, na sisi pia, tuliomwona kwenye benchi lake Jumapili baada ya Jumapili na kudhani kwamba jambo lile limekwisha kuamuliwa na wengine. Kisha tungemwuliza kile tulichopaswa kumwuliza siku ile ya kwanza: kama anaamini kwamba Bwana aliyembatiza anamwita pia mezani. Bwana wetu, usiku ule aliotolewa, aliwaombea wanafunzi wake umoja ili ulimwengu upate kuamini (Yn. 17:21). Alifanya maombi hayo usiku uleule aliowaandalia meza.